Ijumaa Yangu, Alhamisi Yake

Alhamisi, 30 Novemba 1961

Mtihani wa darasa la nane umekwisha leo. Karatasi ya hesabu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, maswali mia, na wallahi nimeyajibu yote na muda ukanibakia. Nikakaa nikisikiliza mvua inavyopiga bati. Nyamvula alikuwa bado kainama anaandika. Nikasema moyoni, leo nimempata.

Daftari hili kanipa Mjomba Matano, afanyaye kazi ya reli huko Changamwe. Kasema mtu anayengoja matokeo heri aandike, la sivyo atakula kucha zake mpaka zimwishie. Basi naandika.

Darasani kwetu hapa Likoni wasichana ni wawili tu, mimi Mwanarehema binti Mwidani, na huyo Nyamvula. Wazee wake wamepanga chumba cha uani kwetu tangu tuko darasa la pili. Twaenda pamoja, twarudi pamoja, na kila mwaka mmoja wetu huwa wa kwanza na mwenziwe wa pili. Mwaka huu nafasi ya msichana kwenda shule ya bweni huko bara ni moja. Baba kashasema: nikiipata nitakwenda, nikiikosa nimesoma vya kutosha, nikae nyumbani.

Sina wasaa zaidi. Leo usiku wa Ijumaa, kuna hitima ya marehemu babu, na Mama ananituma tangu alfajiri. Vikombe vya jirani, mkeka wa nani, ubani uko wapi. Hata kwenye mtihani nilikuwa naisikia sauti yake.

Jumamosi, 2 Desemba

Tumebangua korosho kutwa, mimi na Nyamvula. Mikono myeusi, mafuta ya maganda yamenichoma vidole viwili. Mama akaja akatazama masinia. "Tazama za Nyamvula, nzima nzima. Zako wewe kama zimekanyagwa."

Ndivyo ilivyo siku zote. Mwandiko wake mzuri, sauti yake ya adabu, ufagio wake haurushi vumbi. Nilidhani mtu humwonea wivu adui. Kumbe hata rafiki.

Jumanne, 5 Desemba

Mvua. Kopra ya Baba, zile nazi kavu za kuuza, imeota ukungu.

Jumatano, 6 Desemba

Mvua.

Jumapili, 10 Desemba

Mvua. Njia ya kwenda Mtongwe imekuwa mto. Nyamvula kaenda kanisani na viatu mkononi, na hata matope yakimrukia yanampendeza. Mimi nikienda dukani tu narudi kama nguruwe.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi yao. Babake, Mzee Ngumbao, kaja kutoka kazini Changamwe na kitambaa cha gauni, cha buluu. Nyamvula katuletea sahani ya wali na kuku. Kuku kachinjwa na Baba mwenyewe, kwa hivyo tumekula.

"Unawaza matokeo?" kaniuliza.

"Mimi? Hata."

"Mimi nawaza mpaka nasahau kula."

Mwongo. Kanenepa.

Jumatano, 3 Januari 1962

Mwalimu Boga, mwalimu mkuu wetu, kaja mwenyewe nyumbani, na shati la kazi, jasho linamtoka. Jua la kaskazi sasa limeshika, mvua imesahauliwa. Alipobisha hodi nikajua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwite na Nyamvula. Nataka niseme mara moja tu."

Tukasimama uani sote, mimi na Mama na Bibi, Nyamvula na mamake Mama Mbeyu, aliyekuja na mwiko mkononi. Mwalimu akatoa karatasi. Akasema Kiingereza tumelingana. Maarifa tumelingana, hata yeye kashangaa. Akasema katika hesabu, tangu aanze kufundisha, hajaona mwanafunzi wake akipata mia kwa mia.

Hapo nikatabasamu. Naandika hili ili nijihukumu mwenyewe: nilitabasamu, na nikaanza kupanga uso wa unyenyekevu.

"Nyamvula," akasema, "mia. Mwanarehema, tisini na tisa."

Mama Mbeyu akapiga kigelegele akaangusha mwiko. Mama yangu, kwa ustaarabu wake, naye akapiga. Nyamvula akanirukia shingoni akilia. Mimi mikono yangu sikujua niiweke wapi. Nikampigapiga mgongoni kama mtu anayemcheulisha mtoto.

"Hongera," nikasema.

Nafasi ni moja. Sikuhitaji kuambiwa.

Alhamisi, 4 Januari

Tisini na tisa.

Ijumaa, 5 Januari

Ningekuwa nimepata themanini ningelala. Themanini ni ya mtu asiyejua. Tisini na tisa ni mtu aliyefika mlangoni akapigwa nao usoni.

Nimekwenda kwa Mwalimu Boga kuuliza ni swali gani. Hakutaka, nikalia, akatoa karatasi ya maswali na orodha aliyopewa na ofisi ya elimu. Swali la sabini na moja. Gari la moshi liliondoka Mombasa Jumatano saa nne asubuhi. Likachukua saa thelathini na tatu njiani. Lilifika siku gani na saa ngapi?

Saa moja usiku, nimeandika sawa. Siku, nimeandika Ijumaa.

"Ni Alhamisi, Mwanarehema," Mwalimu akasema kwa upole. "Saa moja usiku ya Alhamisi."

Nikarudi nyumbani nikawaeleza. Sijawahi kumwona Bibi akisimama upesi namna ile tangu aumwe goti.

"Tangu lini," akasema, "Alhamisi magharibi ikishapita ikabaki Alhamisi?"

"Ndivyo wanavyohesabu ofisini, Bibi. Siku yao hugeuka saa sita usiku."

"Saa sita usiku watu wamelala! Nani anaiona ikigeuka? Siku hugeuka jua likizama, kila mwenye macho anajua. Marehemu babu yako kafa saa moja usiku, na mji mzima ukasema kabahatika, kafa usiku wa Ijumaa. Leo mzungu anataka kumrudisha Alhamisi?"

Baba akasema, polepole, "Jawabu la mtoto ni sahihi." Akavaa kofia akaenda kumwuliza maalimu wa chuo cha Kurani, akarudi na maalimu mwenyewe, na maalimu kasema ni sahihi bila shaka yoyote, usiku hutangulia mchana wake.

Nilivyofurahi! Nilikula sahani mbili.

Sasa niandike lile ambalo sikuwaambia. Nilijua. Mjomba Matano alinieleza zamani habari ya saa za reli, na Oktoba, siku tunasuka makuti nyuma ya nyumba, Nyamvula alijibu swali kama hilihili kwenye kitabu cha mazoezi, akasema Ijumaa. Mtoto kakulia uani kwetu, anahesabu kama sisi. Mimi ndiye niliyemcheka. Nikamwambia, mjinga wee, kwenye mtihani siku hugeuka saa sita usiku, usisahau. Hakusahau. Mimi ndiye niliyesahau, kwa sababu siku ile Mama alikuwa kanijaza kichwa usiku wa Ijumaa na hitima na vikombe.

Mia yake ina alama yangu moja ndani yake. Hilo ndilo linaloniuma, wala si jingine.

Jumatatu, 8 Januari

Maalimu kamwandikia Baba barua ya kupeleka ofisi ya elimu. Imesema mtoto hakufundishwa desturi ya siku ya Kizungu, kajibu kwa desturi ya kwao, na jawabu ni sahihi. Wakanisomea. "Ndivyo?" Baba akauliza.

"Ndivyo, Baba."

Jumanne, 9 Januari

Joto. Maembe yanaoza chini, nzi hawahesabiki.

Ijumaa, 12 Januari

Likoni nzima inajua. Bibi kaitangaza habari ya alama yangu msikitini kwa wanawake, sokoni, na kwa muuza samaki, ambaye hajui hata hesabu ni nini lakini kakasirika sana. Nikipita watu wananiambia, "Usijali mwanangu, haki haipotei." Nyamvula akipita wananyamaza.

Leo kisimani Mama Mbeyu kaweka ndoo yake kwenye foleni na wanawake watatu wamempita mbele. Na Bibi, akijua anasikika, kasema chumba cha uani kinavuja, heri kibomolewe. "Tumempa mtoto wao kila kitu," akaniambia, "na shukrani ya punda ni mateke."

Niliona aibu. Pia niliona raha. Roho yangu ni roho ya korosho, haina nafasi ndani, na vyote viwili vimeingia.

Jumapili, 14 Januari

Kina Nyamvula wamekwenda kanisani kwa njia ya nyuma.

Jumatano, 17 Januari

Nyamvula kanisubiri kisimani. Alikuwa na gauni lile la buluu, limeshaanza kupauka. Kakonda, na kukonda nako kunampendeza.

"Rehema, umewaambia kwamba wewe ndiye uliyenifundisha?"

"Kukufundisha nini?"

"Siku ya ofisini. Tulipokuwa tunasuka makuti."

"Sikumbuki," nikasema.

Alinitazama. Hakukasirika, na ndilo lililonichoma, maana ningekuwa mimi ningemmwagia ndoo nzima kichwani. Akajitwika maji yake akaenda. Shingo imenyooka, hata tone halikudondoka.

Nimerudi na nusu ndoo.

Jumatatu, 22 Januari

Barua imejibiwa! Mwalimu Boga kaja nayo mbio. Bwana Elimu, mkubwa wa ofisi ile, atakuja mwenyewe shuleni, Jumatano ijayo ya tarehe thelathini na moja. Atatuuliza sote wawili. Akiona kwamba kweli hatukufundishwa siku ya ofisi, alama nitapewa, tutalingana mia kwa mia. Na wakilingana wawili, sheria ya shule ile ya bweni ni kwamba nafasi huenda kwa aliye mdogo.

Mimi ni mdogo kwa miezi mitano.

Mama kashaanza kunipimia sanduku. Baba kacheka, jambo ambalo halijatokea tangu kopra ioze. Mimi nimehesabu siku: tisa. Kitu kimoja tu kinasimama kati yangu na sanduku lile, nacho ni mdomo wa Nyamvula.

Alhamisi, 25 Januari

Sijalala vizuri. Akisema kweli nimeaibika mimi, na Baba, na maalimu aliyetia mkono wake. Na atasema. Mimi ningesema.

Jumapili, 28 Januari

Njia ya mwongo fupi. Bibi kaisema leo, akimsema muuza maziwa. Nikamwaga chai.

Jumatano, 31 Januari

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Bwana Elimu ni Mwingereza mrefu, shingo nyekundu kwa jua, Kiswahili chake cha bara lakini kinaeleweka. Kakalia kiti cha Mwalimu Boga. Baba na maalimu wamekaa upande mmoja, Mzee Ngumbao na Mama Mbeyu upande wa pili, na Bibi, ambaye hakualikwa, kwenye dawati la mbele. Madirishani watoto wamejaa.

Akaanza na Mwalimu. Mwalimu akasema kweli yake: hakutufundisha jambo hilo darasani, kitabu nacho hakilielezi, na anajilaumu. Kisha Bwana Elimu akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza usiku hutangulia mchana, nikamweleza hitima. Akasikiliza vizuri. Akaniuliza, "Na hakuna mtu yeyote aliyekwambia ofisini tunahesabu vingine?"

"Hakuna, Bwana."

Mjomba Matano hakuwepo, alikuwa zamu. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, astaghfirullah.

"Wewe sasa," akamwambia Nyamvula. "Wewe umekulia nyumba moja na huyu. Lakini wewe umeandika Alhamisi. Nani alikufundisha?"

Nyamvula akasimama. Nilikuwa natazama vidole vyake, vina alama za korosho kama vyangu. Nikasema, basi, kwisha.

"Hakuna aliyenifundisha, Bwana," akasema. "Mimi pia najua ni Ijumaa. Nilikosea. Nilisahau kuhesabu magharibi, ikatokea Alhamisi. Nimebahatisha."

Mama Mbeyu akamgeukia, "Nyamvula!" Mzee Ngumbao akamshika mkono akae kimya. Bwana Elimu akamwuliza tena kama anajua anachokisema, maana ile ni nafasi yake. Akajibu anajua. Hakunitazama hata mara moja.

Bwana Elimu akaitikia kwa kichwa, akafungua kalamu. Bibi akaanza kupiga kigelegele. Baba kaufunika uso kwa viganja. Watoto wa dirishani wakashangilia. Nilikuwa nimeshinda! Mia yangu, sanduku langu, nafasi yangu, vyote vimo kwenye ncha ya kalamu ile.

Nami nikamtazama Nyamvula. Amekaa, mikono mapajani, uso umetulia. Na nikaona itakavyokuwa. Nitakwenda bara, nitasoma, nitarudi na vyeti, na kila nitakapofika nitajua kwamba yupo mtu Likoni aliyenipa. Mimi nilimnyima neno moja kisimani. Yeye kanipa yote mbele ya watu, na bila hata kutaka nimwone. Mkubwa ni nani kati yetu sasa? Mwandiko kanishinda, korosho kanishinda, hesabu kanishinda, na wema nao anataka kuondoka nao? Damu ilinipanda kichwani. Wallahi sikuwahi kumwonea kijicho kama nilivyomwonea pale.

"Mwongo!" nikasema. Chumba kizima kikageuka. "Anasema uwongo, Bwana. Mimi ndiye niliyemfundisha. Oktoba, tukisuka makuti. Nilijua siku ya ofisini, Mjomba wangu aliniambia. Kwenye mtihani nikasahau. Mimi ndiye niliyekosea."

Kigelegele cha Bibi kikakatika katikati.

Baba akasema, "Mwanarehema." Nikasema, "Abee, Baba." Hakuongeza neno jingine, na bado hajaongeza. Maalimu akawa anatazama kofia yake.

Bwana Elimu akaifunga kalamu. Akasimama akanipa mkono, mimi, kama napewa zawadi. Kasema kwa miaka yote ya kazi yake hajaona mtoto mkweli kama mimi. Nafasi ni ya Nyamvula.

Alhamisi, 1 Februari

Mama kaniwekea chai akaenda zake. Bibi kanigeuzia mgongo.

Jumamosi, 3 Februari

Jana Mwalimu Boga kaniita shuleni, kanisimamisha mbele ya shule nzima akanisifu. Wanawake wa kisimani sasa wanasema, "Mtoto wa Mwidani ana moyo safi." Wanampisha Mama Mbeyu foleni, wanamwulizia hali. Anayenisifu zaidi ni yule muuza samaki.

Jana hiyohiyo Baba alimpelekea Mzee Ngumbao nazi kumi na mbili kwa mkono wake, akamwomba radhi. Kwangu mimi kasema maneno manane tu, nimeyahesabu: "Utakaa nyumbani. Mwezi wa mfungo ukipita tutazungumza mengine."

Mengine ni yepi, nayajua. Kuna mtu wa Mtongwe kashaleta salamu za posa.

Jumatatu, 5 Februari

Kesho huenda tukaanza kufunga, mwezi ukionekana. Leo Nyamvula kaondoka.

Tumemsindikiza hadi kivukoni, sote, hata Bibi na goti lake. Gauni la buluu limepigwa pasi. Sanduku lake ni dogo kuliko lile Mama alilokuwa akinipimia mimi. Watu wamejaa wanamuaga, na kila amuagaye yeye ananisifu mimi, eti rafiki wa namna hii hapatikani duniani.

Alipofika kwangu tukakumbatiana. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ile. Nikamwuliza sikioni, "Kwa nini ulisema vile?"

"Kwa sababu alama ile ilikuwa yako," akasema. "Nilikuwa na kitu hicho kimoja cha kukupa, Rehema. Sina kingine. Na wewe hukuweza kunikubalia hata hicho."

Mji mzima umedanganyika, yeye hapana. Nikasema, "Sikuweza."

"Najua," akasema, akacheka, akanifuta machozi kwa ncha ya leso yangu mwenyewe. Kisha akapanda feri na babake.

Watu wakasema, tazameni mtoto wa Mwidani anavyomlilia rafiki yake. Nililia kweli, mpaka wakateremka ng'ambo. Nililia kwa kijicho.